Kuchagua taa za studio ndogo ya picha nyumbani: mwongozo kamili kwa wapiga picha wa Lubumbashi

Picha ninazoonyeshwa na vijana wanaoanzisha studio nyumbani, iwe mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba au Bel-Air, zina kasoro zilezile. Paji la uso linang'aa jeupe, mashavu yamezama gizani, ukutani kuna kivuli kikali cha kichwa, na ngozi imegeuka ya kijivu au ya kijani. Karibu wote wameshanunua taa, wengine mbili au tatu. Na karibu wote wanauliza jambo moja: ninunue ya wati ngapi?

Wati zinakuja mwishoni. Sura ya picha inaamuliwa na ukubwa wa chanzo cha mwanga, umbali wake na mteja, na jinsi ulivyozuia mwanga mwingine wote chumbani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inaamua utakachonunua katika ile inayofuata. Mfano wetu ni chumba cha mita 3 kwa 4, plafoni ya mita 2.5, umeme wa SNEL unaokatika bila taarifa, na wateja wenye ngozi nyeusi, kuanzia maji ya kunde hadi nyeusi tititi.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kupimia, kabla ya kwenda dukani:

- futi ya kamba, kalamu na karatasi
- kamera yako, au simu kama ndiyo unayopigia
- kipande cha kikwembe chenye rangi nyekundu iliyokolea
- mtu mmoja mvumilivu wa kukaa mbele ya kamera

Vya kununua, kwa mpangilio huu wa umuhimu:

- taa moja (hatua ya 3 itakuambia ni ya aina gani)
- softboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) moja ya sentimita 80 hadi 90, au mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga
- trepie imara ya taa, inayofika mita 2 au zaidi
- triga ya redio (ya kuiwasha flashi bila waya), kama utatumia flashi
- betri za AA za kuchaji, seti mbili za nne nne, na chaja yake
- kitambaa cheusi kizito, mita 4 au 5

Vya kuokota au kununua kwa bei ndogo:

- ubao wa frigoliti mweupe, mita 1 kwa nusu mita, ule unaofungia friji na televisheni
- bidoni ya lita 5 iliyojazwa mchanga, ya kushikilia trepie
- skochi ya karatasi ya kuweka alama sakafuni

Ukiwa na pesa za taa mbili za bei ndogo, nunua moja nzuri na softboksi yake. Ubao wa frigoliti utafanya kazi ya taa ya pili kwa miezi mingi.

## Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kutaja taa yoyote

Pima urefu, upana na kimo cha plafoni. Andika.

Kamera nyingi za kuanzia zina sensa (kipande kinachopokea picha) ya ukubwa uitwao APS-C. Kwa sensa hiyo na lenzi ya mm 50, picha ya kuanzia kiunoni hadi kichwani inahitaji karibu mita 2.3 kati ya kamera na mteja. Mteja naye anatakiwa kukaa mita 1.2 mbele ya ukuta au pazia la nyuma. Jumla ni mita 3.5, na nusu mita inayobaki ni ya wewe kusimama. Chumba cha mita 4 kinatosha.

Picha ya mtu mzima, kichwa hadi viatu, inahitaji mita 4.5 kwa lenzi hiyohiyo kabla hujahesabu nafasi ya nyuma. Haitaenea. Basi usinunue taa kwa ajili ya picha ambayo chumba hakiwezi kuipokea. Bibi harusi mwenye gauni refu mpige nje, uani, na studio yako iwe ya nyuso na viwiliwili.

Plafoni nayo ina neno lake. Taa inatakiwa kukaa juu ya usawa wa macho. Mteja akisimama, softboksi ya sentimita 90 yenye kitovu katika mita 2 inafika mita 2.45, yaani inakaribia kugusa plafoni. Mteja akiketi kwenye kigoda, kichwa chake kiko mita 1.3 hivi na taa inapata nafasi ya kupanda na kuinama. Katika chumba kidogo, wakalishe wateja wako.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye alama tatu: mahali pa kigoda, pa kamera na pa ukuta wa nyuma, zikiwa na vipimo.

## Hatua ya 2: Ondoa mwanga usio wako

Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo inayotoa ngozi ya kijani.

Kwanza kuta. Nyumba zetu hupakwa rangi za furaha: kijani, waridi, buluu. Mwanga wa taa ukigonga ukuta wa kijani unarudi ukiwa wa kijani, na unaingia upande wa uso wenye kivuli, ambako hakuna mwanga mwingine wa kuushinda. Hakuna taa ya bei yoyote inayotibu hilo. Paka kuta nyeupe isiyong'aa, au kijivu, au tundika kitambaa cheusi upande ulio karibu na mteja. Plafoni ya tripleksi yenye vanishi ya kahawia nayo inatia unjano, ipake nyeupe.

Pili balbu ya chumba. Izime kila unapopiga. Balbu ya njano iko karibu Kelvini 2,700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na mwanga wa flashi uko karibu 5,500. Vikichanganyika, shavu moja linakuwa la chungwa na jingine la buluu, na kompyuta haitakusaidia kuvipatanisha.

Tatu dirisha. Udongo wa Lubumbashi ni mwekundu, na jua la mchana likiupiga uani linarudi ndani likiwa limepata wekundu wake, tena kutoka chini, chini ya kidevu. Ziba dirisha kwa kitambaa cheusi mara mbili.

Hapa niseme jambo moja kwa ambaye hana pesa ya taa bado. Mji wetu uko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 11.7. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua moja kwa moja siku nzima. Msimu wote wa kiangazi una mwanga laini wa bure. Mkalishe mteja mita moja kutoka dirishani, ubavu wake ukielekea kioo, weka frigoliti upande wa pili, na upige. Jifunzie hapo huku ukiweka akiba.

Jaribio: funga kila kitu, weka kamera kwenye M (kuongoza kwa mkono), ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), shata 1/160 (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde), f/5.6 (uwazi wa lenzi), piga picha bila flashi. Picha inatakiwa kuwa nyeusi kabisa. Ukiona hata umbo la kigoda, kuna mwanga unaovuja, utafute. Anayepanga kutumia taa ya kudumu ajaribu kwa ISO 800, 1/125, f/4: ikitoka nyeusi au karibu nyeusi, chumba kiko tayari.

## Hatua ya 3: Amua kati ya flashi na taa ya kudumu

Swali la kwanza: unapigia nini? Kama ni simu, jibu limepatikana. Simu kwa kawaida haiwezi kuwasha flashi ya studio kwa wakati wake, hivyo unahitaji taa ya kudumu ya LED. Nimeona watu wakinunua flashi nzuri kisha wakabaki nayo kabatini kwa sababu hii tu. Uliza kabla ya kulipa.

Kama una kamera yenye kiatu cha flashi juu (mahali pa kuchomeka flashi), ushauri wangu ni huu: anza na flashi ndogo ya betri za AA, ukiitoa juu ya kamera na kuiweka kwenye trepie. Sababu zangu ni tatu.

Haijali SNEL. Betri nne za kuchaji zilizojaa zinatoa zaidi ya milipuko mia kwa nguvu kamili, na katika chumba kidogo hutaitumia kwa nguvu kamili. Mteja wako hatasubiri umeme urudi.

Ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ndani ya softboksi, mita 1 kutoka usoni, mara nyingi 1/8 ya nguvu yake inatosha kwa f/5.6 na ISO 100. Picha inakuwa safi, bila chengachenga.

Inagandisha mwendo. Mtoto anayecheza hatoki na ukungu.

Ubaya wake ni kwamba huoni kivuli kabla ya kupiga. Unazoea baada ya muda, kwa kupiga, kutazama na kusogeza.

Taa ya kudumu ya LED inafaa kama unapiga picha kwa simu, au kama unafanya na video. Faida yake ni kwamba unachokiona ndicho utakachopata. Tafuta ya wati 60 au zaidi yenye balbu moja kubwa katikati na mdomo (mahali pa kufungia softboksi) wa aina ya Bowens, kwa sababu softboksi za mdomo huo zinapatikana kwa urahisi na utaweza kubadilisha taa bila kutupa softboksi. Ukiwa na wati 60 ndani ya softboksi kwa mita 1, tarajia f/2.8 hadi f/4, shata 1/125, na ISO 400 hadi 800.

Kuhusu nyingine ambazo utaonyeshwa dukani:

Taa ya duara. Inasaidia kwa video za kuzungumza. Kwa picha za studio inafuta vivuli vyote, uso unakuwa bapa, na machoni kunabaki duara. Mwenye miwani ndiyo kabisa.

Seti ya softboksi mbili zenye balbu za kuzungusha. Boksi linaandika wati mia kadhaa, lakini hiyo huwa ni hesabu ya kulinganisha na balbu za zamani. Tazama wati halisi kwenye balbu yenyewe. Kwa simu inaweza kupita. Kwa kamera utalazimika kupandisha ISO sana.

Flashi kubwa ya studio ya kuchomeka ukutani. Ni kifaa kizuri kwa ukumbi. Katika mita 3 kwa 4 inaweza kuzidi nguvu hata ikiwa imepunguzwa hadi mwisho, na umeme ukikatika umefunga kazi.

Taa za haloji za ujenzi. Usinunue. Zinatoa joto la kumtoa mteja jasho chini ya mabati ya Oktoba, na zinaweza kuchoma kitambaa na kuyeyusha frigoliti.

Onyo kuhusu flashi za mitumba: flashi za zamani sana zinaweza kuwa na volti zaidi ya 200 kwenye kiatu chake na zikaua kamera ya kidijitali. Na flashi iliyoharibika usimpe fundi wa redio aifungue ovyo. Kapasita ya ndani inahifadhi volti 300 hivi hata betri zikiwa zimetolewa.

## Hatua ya 4: Chagua ukubwa wa chanzo, kwa sababu ya ngozi

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake hasa kwa mng'ao. Ngozi nyeupe inatawanya mwanga mwingi, hivyo umbo la shavu linasomeka hata kwa kivuli peke yake. Ngozi iliyokolea inameza mwanga mwingi, na kinachoturudishia umbo la shavu, pua na taya ni ule mng'ao wa juu juu, ambao kwa kweli ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi, kama dirisha linavyoonekana kwenye sufuria iliyosuguliwa.

Basi fikiria. Taa ndogo inatoa taswira ndogo na kali: nukta nyeupe kwenye paji la uso na ncha ya pua, na pengine pote giza. Taa kubwa iliyo karibu inatoa taswira pana na tulivu: mng'ao mrefu unaoteremka kutoka kwenye paji hadi taya, na ngozi inaonekana ina uhai. Watu wengi wakiona uso uko gizani wanaongeza nguvu ya taa. Matokeo yake nukta inazidi kuwa nyeupe na shavu halibadiliki sana. Unachotakiwa kuongeza ni ukubwa.

Ukubwa huo unahesabiwa kwa jicho la mteja. Softboksi ya sentimita 90 ikiwa sentimita 90 kutoka usoni ni kubwa. Ileile ikiwa mita 3 ni ndogo, na vivuli vyake vinakuwa vikali. Kanuni ya kuanzia: umbali wa taa ukaribiane na upana wa softboksi yako. Kwa sentimita 90, kaa kati ya sentimita 80 na mita 1.

Kwa nini nisiseme ya sentimita 120 au 150? Kwa sababu ya plafoni uliyoipima. Mteja akisimama, itakulazimu kuishusha karibu na usawa wa macho, na mwanga utakuwa wa pembeni tu, bila kivuli kizuri chini ya pua na kidevu. Kwa chumba chetu, 80 hadi 90 ndiyo saizi.

Chagua yenye vitambaa viwili vyeupe, cha ndani na cha nje, ili katikati pasiwe na doa la moto. Umbo la pembe nane ni zuri kwa macho. La mstatili wa 60 kwa 90 linafanya kazi vilevile na linaenea vizuri zaidi kwenye kona. Mwavuli mweupe ni rahisi zaidi na unafunguka haraka, ila unatapanya mwanga kila upande. Kama kuta zako bado ni za rangi, rudi hatua ya 2.

Umbali unatawala pia ukuta wa nyuma. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Taa ikiwa sentimita 80 kutoka usoni, na ukuta ukiwa mita 1.2 nyuma ya mteja, ukuta uko mita 2 kutoka kwenye taa. Unapata takriban moja ya sita ya mwanga wa usoni, na ukuta mweupe unatoka kijivu kilichotulia. Unataka ukuta uwe mweupe zaidi? Sogeza taa nyuma. Mweusi zaidi? Sogeza taa na mteja mbele. Ukuta mmoja unakupa mandhari tatu bila kununua pazia.

Kwa wawili, mtu na mchumba wake, rudisha taa nyuma. Mmoja akiwa sentimita 60 na mwingine 120, wa pili anapata robo ya mwanga. Taa ikiwa mita 1.5 kwa wa karibu na 2.1 kwa wa mbali, wa pili anapata nusu, na ukimgeuzia yeye kitovu cha softboksi wanakaribiana.

## Hatua ya 5: Kagua taa dukani, ikiwa imewashwa

Bidhaa nyingi za hapa zinapita mpakani Kasumbalesa na kufika mjini bila mtu kuzijaribu. Usinunue boksi lililofungwa. Omba iwashwe, kisha fanya haya.

Rangi. Soma CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) kwenye boksi la LED: 95 na zaidi ni nzuri, chini ya 90 acha. Usiishie kwenye maandishi. Weka kikwembe chako chekundu na kiganja chako chini ya taa, kisha toka navyo nje kivulini. Wekundu ukionekana wa kahawia chini ya taa, hiyo taa ina upungufu wa nyekundu, na ngozi ya mteja itatoka ya kijivu. Ndani ya ngozi yetu nyeusi mna wekundu mwingi. Taa isiyo nayo inaunyima uso uhai.

Kupepesa. Elekeza kamera ya simu kwenye taa ukiwa umeiweka kwenye video ya mwendo wa pole, na taa ukiipunguza hadi nusu. Ukiona mistari inatembea, taa inapepesa, huenda pamoja na umeme wa hertz 50. Kama unalazimika kuitumia, piga kwa shata 1/50 au 1/100. Bora kuiacha.

Flashi. Piga mara kumi mfululizo kwa 1/8. Zote zilingane. Hakikisha triga imetengenezwa kwa ajili ya aina ya kamera yako. Kiatu cha Sony, Canon na Nikon hutofautiana katika pini za mawasiliano. Huhitaji mfumo wa kujipimia wenyewe, flashi ya kuongozwa kwa mkono inatosha na bei yake ni ndogo.

Trepie. Ikunjue yote, ikamate juu, itikise. Ikiyumba sana ukiwa bado hujaweka kitu, fikiria softboksi ikiwa juu na mtoto anakimbia chini.

## Hatua ya 6: Panga umeme

Mwenye flashi ya AA: nunua betri za NiMH za 2,000 mAh au zaidi, na uzichaji umeme ukiwepo, hata kama hazijaisha. Usitumie betri za lithiamu za volti 3.7 zenye umbo lilelile la AA. Zinaingia vizuri, na zinaua flashi.

Mwenye LED: fanya hesabu kabla ya kununua betri kubwa. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi. Ya asidi usiitumie chini ya nusu, hivyo una 600. Inveta inakula sehemu yake, unabaki na 480 hadi 500. Taa ya wati 60 itawaka saa nane. Ya wati 150 itawaka kama saa tatu. Ndiyo sababu taa kubwa inakuja na gharama isiyoandikwa kwenye boksi.

Umeme ukikatika, chomoa taa ukutani. Unaporudi huja na kishindo, na ndicho kinachoua taa nyingi. Rudisha baada ya dakika chache, kupitia stabilizata.

## Hatua ya 7: Simamisha taa moja

Mkalishe mteja. Weka softboksi mbele yake upande mmoja, kati ya mstari wa kamera na bega lake, nyuzi 45 hivi. Ipandishe mpaka kitovu chake kiwe juu ya kichwa, kisha iinamishe imtazame. Bidoni ya mchanga juu ya mguu wa trepie, kila siku, bila kuacha.

Tazama mambo matatu. Macho: kila jicho liwe na alama nyeupe ya taa sehemu ya juu. Kama hakuna, taa iko juu mno, na macho meusi bila alama hiyo yanaonekana matupu. Pua: kivuli chake kielekee chini na pembeni, kisiguse mdomo. Shavu la mbali: libaki na kipande cha mwanga chini ya jicho.

Sasa geuza softboksi kidogo ili kitovu chake kipite mbele ya uso wa mteja, na uso upate ukingo wake tu. Mng'ao wa paji unapungua papo hapo, na mashavu yanabaki na mwanga. Kama jasho bado linang'aa, karatasi laini ya kufutia inatosha. Futa kwa kugandamiza, usisugue, mama asije akapoteza poda yake.

Weka frigoliti upande wa pili, sentimita 40 kutoka shavuni, nje kidogo ya picha. Kazi yake ni mbili: kujaza kivuli, na kuchora mng'ao mrefu kwenye shavu la giza. Ukitaka uso wa mzee uwe na uzito zaidi, badala ya frigoliti tundika kitambaa cheusi.

Mwenye miwani: pandisha taa, na mwambie ashushe kidevu kidogo.

## Hatua ya 8: Weka mwangaza kwa mkono

Usiiachie kamera iamue. Kipimo chake kinataka kila picha iwe na wastani wa kijivu. Ukuta ukiwa mweupe, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso unatoka mweusi bila sura. Pazia likiwa jeusi inafanya kinyume, na uso unapauka kama umepakwa majivu.

Kwa flashi: M, ISO 100, shata 1/160, f/5.6, flashi 1/8, rangi ya mwanga Kelvini 5,500. Piga. Giza? Pandisha flashi hadi 1/4. Imezidi? Shusha hadi 1/16. Usiguse kitu kingine. Shata usipitishe 1/200, maana kwa kamera nyingi juu ya hapo mstari mweusi unaanza kuingia kwenye picha.

Washa onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua. Kola ya shati jeupe ya mhitimu wa chuo kikuu cha UNILU ikimeta kidogo, vumilia. Paji la uso likimeta, shusha.

Umefanikiwa ukiweza kuona vitu hivi vyote katika picha moja: mng'ao mpana usio na doa jeupe kwenye paji, umbo la taya upande wa kivuli, nywele zinazotofautika na ukuta, na kikwembe chenye wekundu uleule ulioonekana nje. Mwonyeshe mteja. Akisema rangi yake ni hiyo, umefika. Na akiomba umfanye mweupe zaidi, mwonyeshe kwanza picha yenye mwanga mzuri. Mara nyingi ombi hilo linatokana na picha za giza alizozoea kupigwa.

## Hatua ya 9: Taa ya pili, na lini

Inunue kwa tatizo moja linalojulikana. Nywele nyeusi zinazama kwenye pazia jeusi? Flashi ndogo nyuma ya mteja, juu, upande wa kinyume na softboksi, 1/32 hivi, ikiwa imezungushiwa kikaratasi kigumu cheusi ili isiipige lenzi. Unataka picha za pasipoti zenye ukuta mweupe kabisa? Flashi ya pili iende ukutani, imefichwa nyuma ya kigoda, na softboksi irudi juu ya kamera ikiwa na frigoliti mapajani mwa mteja. Nje ya mahitaji hayo mawili, taa ya pili katika chumba cha mita 3 kwa 4 inaongeza vivuli vya kugombana.

Mpangilio ukishakukubali, bandika skochi sakafuni penye miguu ya trepie, kigoda na kamera, na uandike juu yake nguvu ya flashi na f. Kiangazi kikiwa na vumbi, funika softboksi kwa shuka kila jioni, na futa kitambaa chake cha mbele kila wiki, kwa sababu vumbi letu jekundu likikaa hapo linapunguza mwanga na kuupa unjano kidogo kidogo bila wewe kugundua.